Kipande House, ghala la majina ya watu

Kila gazeti likiandika habari za Kipande House, maneno huwa yale yale. Jengo la mawe la 1913, kazi ya mhandisi Mhindi wa reli, sasa ni tawi la benki. Pembeni kuna picha iliyopigwa jioni, jua likiwa limeyapaka mawe rangi ya asali. Nimesoma habari za namna hiyo kwa miaka mingi, na kila nikifika mwisho hubaki na swali moja: na kipande chenyewe je, ile karatasi ya utambulisho ambayo Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo enzi za ukoloni?

Kwa asiyelijua, jengo liko Kenyatta Avenue, pale inapokutana na Loita Street, limesongwa na majumba marefu ya vioo kama mzee aliyeketi katikati ya vijana waliosimama. Lilijengwa na Gurdit Singh Nayar. Kwanza lilikuwa makazi, kisha reli ikalifanya ghala. Mwaka 1976 Kenya Commercial Bank ikalinunua, na serikali imeliweka katika orodha ya majengo ya turathi yanayolindwa na sheria. Kati ya ghala na benki kuna miaka ambayo waandishi wengi huipita kwa sentensi moja tu: hapo Waafrika waliandikishwa na kupewa vipande. Lakini sentensi hiyo ndiyo iliyolipa jengo jina. Jina la Nayar halikushika, la reli halikushika, na benki imekuwapo hapo karibu nusu karne bila kulifuta lile la zamani. Waliopanga foleni pale ndio waliolibatiza jengo, na neno lao limeyashinda mengine yote.

Ninachodai ni kwamba tumeyatunza mawe tukaisahau kazi iliyofanyika ndani yake, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ya biashara tangu mwanzo, hata pale ilipovaa joho la ofisi ya serikali.

Nianze na mji wenyewe. Mtu wa Mombasa atanicheka nikiiita Nairobi bandari, lakini anivumilie kidogo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ilifika kwenye kinamasi hiki tarehe 30 Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe na kupaita kwa jina la maji yake baridi. Wajenzi wa reli hawakuwa wakitafuta pa kujenga mji. Walitaka tambarare ya kuweka vyuma, mataruma, unga na zana kabla ya kuukabili mpando wa Ukikuyuni na mteremko wa Bonde la Ufa. Nairobi ilizaliwa bohari. Vilivyoshuka melini kule pwani vilipangwa hapa, vikahesabiwa, kisha vikapelekwa mbele. Utawala ulifuata mzigo: 1905 makao makuu yakahamishwa kutoka Mombasa yakaletwa juu huku. Hadi leo makontena yanayoshuka Kilindini huja kufunguliwa Embakasi, kwenye bandari ya nchi kavu iliyoanza kazi 1984. Kwa hiyo ghala si kitu cha pembeni katika historia ya mji huu. Mji mzima ulikuwa ghala kabla haujawa kitu kingine chochote.

Reli hiyo ilileta vibarua na mafundi kama 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wakarudi kwao mikataba ilipokwisha, na kama 6,700 wakabaki. Kati ya hao waliobaki, na jamaa zao waliowafuata, ndimo walimotoka waashi na maseremala walioiinua Nairobi ya mawe. Wenye vilemba wazee wetu waliwaita makalasinga, na jina hilo kinywani mwao lilikuwa na maana ya fundi. Sitaki mtu adhani kwamba nambeza Nayar. Jengo lake limesimama zaidi ya miaka mia moja katika jiji linalobomoa bila kupepesa jicho, na hilo peke yake ni ushahidi wa mkono uliojua kazi.

Sasa turudi kwenye ghala. Simenti, mabati na kahawa vilikuwa na mahali pake. Lakini kulikuwa na bidhaa moja ambayo walowezi waliililia kuliko zote, nayo ni mikono ya kufanya kazi. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imewapa mikataba ya miaka 999 kwenye mashamba ya nyanda za juu. Shamba wanalo, mlimaji hawana. Mwafrika mwenye mahindi yake na mbuzi wake hakuwa na sababu ya kwenda kupalilia kahawa ya mwingine. Ndipo kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zikafanya kazi yake: zilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha alikuwa nayo mlowezi. Mtu akaenda, shingo upande. Lililobaki lilikuwa kuhakikisha kwamba akishafika haondoki.

Jibu likawa sheria ya kuandikisha wenyeji, iliyopitishwa mwaka ule ule wa 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919 na kuenea nchini 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande na kutembea nacho, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, popote nje ya eneo la kabila lake. Ndani yake mliandikwa jina lake, kabila, wilaya, na alama za vidole. Kisha zikafuata safu za mwajiri: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, tarehe ya kuachishwa, na sahihi.

Sahihi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kufuli. Bila mwajiri kuandika kwamba amekuachilia, hukuweza kuajiriwa na mwingine kihalali, maana huyo wa pili angefungua kipande na kuona kwamba bado uko kwa yule wa kwanza. Mwenye shamba mwenye kinyongo alikuwa na haja ya kufanya kitu kimoja tu, nacho ni kutofanya chochote. Aweke kalamu mezani, basi. Ukiondoka bila sahihi umetoroka, na kutoroka lilikuwa kosa la jinai. Nakala ya maelezo yako ilikuwa Nairobi, pamoja na vidole vyako, kwa hiyo hata ukibadili jina kidole kingekusaliti. Usipokuwa nacho mwilini askari akikusimamisha, ni faini au jela. Kufikia 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa.

Aliyewahi kufanya kazi stesheni anaijua hati ya mzigo. Ina jina la mpelekaji, jina la mpokeaji, maelezo ya kilichomo, tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Mzigo bila hati hausogei, na ukipotea hati ndiyo inayoutafuta. Nikivilinganisha vitu hivi viwili sioni tofauti ya maana. Kipande kilikuwa hati ya mzigo, na mzigo ulikuwa mtu. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba kazi ya kuandikisha watu ilihamia ndani ya ghala la reli. Ilikuwa imefika nyumbani kwake.

Neno lenyewe ni letu, nalo linauma ukilitazama vizuri. Kipande cha mkate, kipande cha nguo, kipande cha shamba: ni kitu kilichokatwa kutoka kwenye kizima. Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, vibarua wa mashamba walilijua pia, kadi ya kuhesabia siku za kazi hadi zitimie thelathini. Kwa hiyo lilipofika kwenye sheria ya Kenya tayari lilikuwa na harufu ya jasho.

Babu yangu alikuwa hamali wa reli. Alikaa Pumwani, Majengo, katika nyumba ya udongo na mabati yenye vyumba sita na ukumbi katikati, na mimi nililelewa humo. Alikuwa na kikebe kidogo cha chuma chenye tundu mbili juu, zilizopitishwa uzi wa ngozi ambao kufikia wakati wangu ulikuwa umekauka kama mzizi. Ndani aliweka tumbaku ya kunusa. Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza.

"Babu, hiki ulikinunua wapi?"

"Sikukinunua, mjukuu wangu. Nilivishwa."

Akakiweka shingoni kunionyesha. Kilining'inia kifuani juu ya kanzu, na uzi ukaacha mstari wa vumbi kwenye ukosi. Akasema majirani zao Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi ili asipotee. Nikamuuliza karatasi yake iko wapi. Akasema aliichoma siku ile walipoambiwa haihitajiki tena, nyuma ya nyumba, kwenye jiko la makaa la nyanya, chai ikiwa juu yake. "Na kikebe?" Akanusa, akafunga kifuniko kwa kidole gumba, akasema: "Kikebe hakina kosa."

Nyanya aliyekuwa akichambua mchele hakuinua kichwa. Alisema tu kwamba yeye hakuwa na cha kuchoma.

Na kweli hakuwa nacho. Kipande kilikuwa cha wanaume. Hili limenikaa rohoni kwa sababu ya yaliyotokea Machi 1922. Harry Thuku, karani na opareta wa simu wa Hazina hapa Nairobi, alikuwa ameanzisha chama mwaka uliotangulia, na malalamiko yake yalijulikana: mishahara iliyokatwa, kodi iliyopandishwa, wanawake na wasichana kulazimishwa kazi, na kipande. Alikamatwa tarehe 14. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, si mbali na hoteli ya Norfolk, na kufikia tarehe 16 walikuwa maelfu. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali waliporudi wakawaambia watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua nguo yake juu ya mabega, akawaambia wanaume wachukue nguo yake nao wampe suruali zao. Kwa mila ya Kikuyu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kumpata mwanamume hadharani. Umati ukageuka, ukasonga hadi kwenye midomo ya bunduki, na risasi zikaanza. Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, na waliokuwapo walisema ni zaidi ya hapo.

Nyanjiru hakuwa na kipande. Daftari za sheria ile hazikuwa na ukurasa wake, wala kidole chake hakikuwahi kubanwa kwenye wino. Alikufa akipigania, pamoja na mengine, kuondolewa kwa mzigo ambao haukuwa shingoni mwake. Wanawake wa Kenya hawakuandikishwa kupewa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Wale waliokuwa wakisema nyanya zetu waliponea kipande huwa nawaomba wafikirie mara mbili: kutofungwa kengele kulikwenda sambamba na kutohesabiwa kuwa mtu kamili.

Ukitoka Kipande House ukafuata Kenyatta Avenue kuelekea Kimathi Street, utakuta sanamu tatu za shaba za wanaume Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, mmoja wao mpagazi. Ziliwekwa 1928. Chini yake kuna maandishi ya lugha tatu, Kiswahili kikiwa mojawapo, yanayowaambia mashujaa hao kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Nimesimama hapo mara nyingi. Mwaka sanamu zinawekwa, wana hao hao walikuwa wakisimamishwa na askari wa doria barabarani, wakiambiwa watoe vikebe ili majina yao yasomwe. Barabara ni moja, utawala ni mmoja. Uliahidi kuyakumbuka majina na kweli ukayaandika yote, kwa wino na kwa kidole, kwa ajili ya kumtafuta kibarua aliyetoroka Thika au Naivasha. Sijui jiji jingine ambalo mambo haya mawili yametenganishwa na mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Upande wa pili, ukishuka kuelekea Uhuru Highway, kuna jengo jingine la mwaka ule ule wa 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa na sasa ni Nairobi Gallery. Humo ndimo walimoandikwa waliozaliwa, waliooana na waliofariki, na ni hapo umbali wa barabara za nchi ulipoanzia kupimwa. Mtoto wa Mzungu aliingia kwenye daftari za serikali siku chache baada ya kuzaliwa. Mwafrika aliingia akifika umri wa kubeba. Majengo mawili, mwaka mmoja, barabara moja, na ukitaka kumweleza mwanafunzi ukoloni ulikuwa nini, mpitishe hapo kwa miguu kabla hujamfungulia kitabu.

Kuna kisa kingine ambacho hakisimuliwi inavyostahili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanaume waliopigana Burma na kwingineko walirudi wakakuta kengele inawasubiri. Shinikizo likawa kubwa, na 1947 ikapitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, kwa alama za vidole. Walowezi wakaja juu. Kidole cha Mzungu kubanwa kwenye wino kama cha mhalifu! Mikutano ikafanyika, malalamiko yakamiminika, hadi serikali ikaunda tume ya kuchunguza, na kufikia 1950 njia ikapatikana: mwenye kujua kusoma na kuandika aliweza kutoa picha na sahihi, akasamehewa kidole. Waafrika walikuwa wametoa vidole vyote kwa miaka karibu thelathini, na hoja ya heshima ya mtu haikusikika. Ilisikika ilipofika kwenye mkono mweupe. Hapo ndipo watawala walipokiri, bila kukusudia, kwamba walijua tangu mwanzo walichokuwa wakifanya.

Na hata hivyo hayakuisha. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, karatasi ikarudi kwa sura ya pasi za Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Aprili 1954 jiji zima likafungwa katika msako wa Operesheni Anvil, watu wakapangwa mistari kuonyesha wao ni nani. Hilo ni somo la siku nyingine.

Kwa nini nasisitiza haya leo, wakati jengo ni benki na kitambulisho ni kadi ya plastiki? Kwa sababu mkazi wa Nairobi anatoa kitambulisho mara ngapi kwa siku? Ukiingia jengo la ofisi mjini, soja wa mlangoni anakiomba. Anaandika jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia. Wakati mwingine anabaki nacho, anakupa beji ya mgeni, na wewe unapanda lifti ukiwa umeacha utu wako kwenye droo yake. Usiku polisi wa doria atakuuliza swali lile lile, tena wengi wakitumia neno lile lile: uko na kipande? Serikali ilipoleta Huduma Namba 2019, usajili mpya wa watu wote, watu walipanga foleni kutoa vidole kwa mashine, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi hizo zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa faragha ya watu hazikupimwa kwanza. Wapo walioshangaa kwamba Wakenya ni wagumu kiasi hicho kutoa data zao. Mimi sikushangaa. Tuna kumbukumbu kwenye shingo.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa sitaki kujirahisishia. Babu zetu walihangaika kukitupa kipande. Wapo Wakenya wanaohangaika kukipata. Wamakonde wa Kwale walikuja Nairobi kwa miguu 2016 kudai vitambulisho katika nchi waliyozaliwa. Washona na Wapemba walisubiri zaidi yao. Wanubi wa Kibra, ambao wamekuwa hapa kabla ya majengo mengi ninayoyataja, wamekaguliwa na kamati kizazi baada ya kizazi. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, haajiriwi, hapigi kura, na soja wa mlangoni hamfungulii. Kipande kilimfunga mtu kazini. Kukosa kitambulisho kunamfungia nje ya kazi. Karatasi ni ile ile, na anayeamua bado ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipotimiza miaka 18 nilimsindikiza kwenda kuomba chake. Sitataja ofisi. Kwa kuwa jina lake ni la Kiislamu na nyumbani ni Majengo, aliambiwa apite kwenye mchujo, yaani kukaguliwa asili yake kwanza, utaratibu ambao kwa watu wa kaunti za mpakani Rais William Ruto alitangaza kuufuta mapema 2025. Sisi tulikwenda kabla ya hapo. Tulipeleka cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Karani akazipanga, akazipekua, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama tuna hati yoyote ya babu. Yoyote ya zamani, alisema. Ya enzi za ukoloni ingefaa sana.

Nilisimama pale nikaliona jiko la makaa la nyanya, na chai juu yake.

Tulirudi mara nne. Wazee wawili wa mtaa wakaja kuapa kwamba walimjua babu, wakati wao wenyewe walikuwa watoto alipofariki. Kitambulisho kikatoka baada ya miezi saba. Huyo karani simlaumu, alikuwa akifuata alichoelekezwa. Ninacholaumu ni nchi inayomwomba mjukuu alete mnyororo wa babu yake kama uthibitisho kwamba ni wa hapa.

Basi nina ombi kuhusu jengo lile, na nalitoa nikijua benki si makumbusho na wateja hawaji kutafuta historia. Waliopanga foleni pale wapewe chumba kimoja cha kumbukumbu. Hata kona ya ukumbi inatosha. Humo kiwekwe kipande halisi, kikebe na karatasi yake, kifunguliwe kwenye safu ya sahihi ili mtu aione kufuli ilivyokuwa. Makumbusho ya Taifa na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa wana vitu na wana watu wenye ujuzi. Hifadhi yenyewe imo ndani ya jengo la Moi Avenue lililokuwa la benki enzi za ukoloni, kwa hiyo tayari tunajua kwamba nyumba ya fedha inaweza kubeba kumbukumbu. Maelezo yaandikwe Kiswahili kwanza, maana neno ni la Kiswahili. Na jina la Nyanjiru liwepo, ingawa hakuwahi kupanga foleni pale, kwa sababu palihusika na kifo chake.

Wapo wanaosema majengo kama haya yangebomolewa kwa kuwa ni alama za aibu. Nawaelewa, hasira yao ina haki, lakini wamekosea shabaha. Likibomolewa, kitakachosimama hapo ni mnara mwingine wa vioo wenye jina la Kiingereza, na hakuna mtoto atakayeuliza kwa nini unaitwa hivyo. Kipande House linaulizwa. Wapo pia wanaotaka jina libadilishwe lisikike vizuri zaidi kibiashara. Hao sina subira nao. Jina hilo ndilo kitu pekee katika jengo zima kilichowekwa na waliopanga foleni.

Siku mpwa wangu alipopata kadi yake tulipanda matatu hadi mjini, maana alitaka kufungua akaunti. Nilimchukua nikamsimamisha ng'ambo ya barabara, mkabala na jengo, nikamweleza. Nilikuwa nimekuja na kikebe mfukoni. Akakishika, akakinusa, akakunja uso kwa ile tumbaku ya miaka hamsini.

"Mjomba, alikuwa anakivaa hata akilala?"

Nikamwambia sijui, sikuwahi kumuuliza.

Akatoa kitambulisho chake kipya kwenye pochi, akajaribu kukiingiza ndani ya kikebe. Akakigeuza upande, akajaribu tena. Hakikuingia. Akanirudishia kikebe, tukasubiri taa ibadilike, tukavuka.